Upande wa Pili wa Karatasi

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa jikoni, simu mkononi, nimeshatamka neno moja lililoniharibia maisha: "Nimefaulu." Nilikuwa nimefeli. Mume wangu alininyanyua juu juu mbele ya dada yake, na aliponishusha chini nilikuwa mhasibu kamili, wa uongo.

Tangu niwasimulie hayo wapo wasomaji walionitumia ujumbe wakinishauri nitubu. Asanteni sana. Tubuni ninyi kwanza, halafu mnipe habari za huko.

Kwa aliyekuwa hayupo, na sijui alikuwa wapi wakati wenzake wanasoma, mambo yako hivi. Mtihani wa juu wa uhasibu nilishaumaliza karibu wote, yakabaki masomo mawili ambayo ndiyo huliza watu wazima. La kwanza ni Kodi. Ukishaikariri, sheria inabadilishwa. La pili ni Hesabu za Kundi. Kampuni moja imenunua nyingine mbili tatu, kila moja ina vitabu vyake, nawe unaambiwa uzichanganye zote mpaka zisomeke kama kampuni moja. Watu wenye akili zao wametoka kwenye chumba hicho wakiongea peke yao.

Nilidanganya kwamba nimefaulu yote mawili. Ofisini bosi akabandika kibao mlangoni kwangu: Mhasibu Mkuu. Cheti nikasema kimechelewa. Miezi sita baadaye nikaaga nyumbani kwamba nakwenda semina, nikaenda kurudia mtihani kimyakimya. Kodi nikaipata. Kundi likanitupa tena.

Sasa bosi amechoka kusubiri. "Madam," aliniambia, "mwisho wa mwezi wa kwanza nataka kukiona cheti kwa macho yangu. La sivyo, kibao kinashuka." Kwa hiyo lilikuwa limebaki jaribio moja. Nikifaulu safari hii, cheti kinakuja na uongo wangu unakuwa kweli iliyochelewa kidogo. Nikifeli, kazi sina.

Na mume wangu je? Yule alikataa uhamisho wenye cheo ili mimi nisikatishwe masomo. Cheo chake amepewa mtu aliyekuwa akimbebea mafaili. Kila asubuhi anampa shikamoo ya kikazi yule kijana, halafu jioni ananiambia, "Si kitu, mke wangu amefaulu." Mnaonishauri nitubu, hebu njooni mtubu ninyi mbele ya mtu huyo.

Ila mjue jambo moja: sikufeli kwa ujinga. Nilidhulumiwa.

Swali la tatu la mtihani ule wa kurudia, ambalo ndilo kubwa, lilisema kampuni mama ilinunua kampuni tanzu katikati ya mwaka. Tarehe hawakuitaja! Sasa bila tarehe utajuaje faida ipi ilipatikana kabla ya kununua na ipi baada? Nikaacha kukokotoa. Nikachukua ukurasa mzima kumwandikia mtahini na kumfundisha kazi yake. Nikamwambia aliyetunga swali hilo arudi shule. Nikafunga kwa maneno ninayoyapenda: "Swali kama hili hata mlevi angekataa." Nikatoka ukumbini kifua mbele, saa nzima kabla ya muda, nikiwaacha wale makondoo wameinama wanaandika. Nikawahurumia.

Miezi sita yote hiyo nimeishi kwa hasira ya swali la tatu. Ilinishibisha.

Sasa twende kwa wifi yangu.

Wifi ni mdogo wa mwisho wa mume wangu. Anakaa kwetu mwaka wa pili huu. Ni keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na jioni akirudi ananukia simenti. Akipiga hesabu anatikisa midomo. Akisoma anafuata mstari kwa kidole. Mtu wa namna hiyo akaingia kwenye uhasibu, akapita kila somo mara ya kwanza, nami nikasema mitihani siku hizi imeshuka.

Akafika Kundi. Akamwendea kaka yake, si mimi. Kaka yake akaja kwangu na uso wa sherehe.

"Mke wangu, mfundishe mdogo wangu. Wewe ndiye umeshavuka mto huo."

Ningesemaje? Nikakubali kwa mikogo. Moyoni nikajua nimepata kisingizio cha kuwa na vitabu vya Kundi mezani mchana kweupe. Nitajifunza mimi, na yeye ataokota makombo.

Basi kila Jumamosi asubuhi tukawa tunakaa meza ya chakula, mimi upande wa dirishani kama hakimu, yeye upande wa pili na kidole chake. Mume wangu huwa karibu anapiga pasi nguo za wiki, anatusikiliza kama anasikiliza redio.

"Kampuni imenunuliwa mwezi wa nne," namwambia. "Faida ya Januari hadi Machi inamhusu nini mnunuzi?"

"Haimhusu, wifi."

"Kwa nini?"

"Alikuwa bado hajafika."

"Ukiolewa mwezi wa nne, mshahara wa mumeo wa Januari unakuhusu nini?"

"Hata huo aliuulizia," mume wangu akasema kutoka kwenye pasi. Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Nikamwambia wifi akokotoe.

Akakokotoa, midomo ikitikisika. Akakosea kitu kidogo, nami nikampa vidonge vyake. "Wifi, umejumlisha nini hapa? Hata mlevi angekataa!"

"Samahani, wifi."

Ndiyo lugha yangu. Akisahau kitu, hata mlevi angekataa. Akichelewa, hata mlevi angekataa. Mume wangu alishaanza kuniigiza chai ikiwa na sukari kidogo.

Jumamosi moja, zikiwa zimebaki siku kumi kabla ya mtihani, wifi akaja na kijitabu kipya.

"Nimepata taarifa ya watahini," akasema. "Ya mtihani uliopita."

Msioijua, hii ni desturi yao. Kila baada ya mtihani wanatoa kijitabu wakieleza watu walikosea wapi, somo kwa somo. Hawataji mtu. Mimi sijawahi kukisoma. Nisome makosa ya wajinga ili iweje?

"Achana nacho," nikamwambia. "Fungua sura ya kumi na mbili."

"Kidogo tu, wifi. Kinachekesha. Wanasema wapo waliojibu maswali ya mwaka juzi."

"Soma kwa sauti," mume wangu akasema. "Na sisi wengine tuelimike."

Akaweka kidole kwenye mstari, akaanza. Wapo walioandika majibu bila namba ya swali. Wapo waliokokotoa kodi kwenye karatasi ya Kundi. Mume wangu akawa anacheka, mimi nikiwa nabinua midomo.

"Kumbe huko mtihanini kuna vituko!" akasema mume wangu.

"Kaka, hujaona. Watahiniwa wanakaa kwa namba za usajili. Wa zamani mbele, wapya nyuma. Ile safu ya mbele wenzangu wanaiita makumbusho."

Mume wangu alicheka mpaka akaiweka pasi pembeni. Nikacheka na mimi. Nimekaa makumbusho miaka saba, na nilicheka kuliko wote.

"Ngojeni hii," wifi akasema. "Swali la tatu." Akarudisha kidole mwanzo wa mstari. "'Mtahiniwa mmoja alitumia ukurasa mzima kumlaumu mtahini kwamba swali halikutaja tarehe ya ununuzi. Tarehe hiyo ilikuwa upande wa pili wa karatasi. Mtahiniwa hakugeuza karatasi.'"

Nikasikia masikio yanapata moto.

"Hakugeuza!" Mume wangu akashika mbavu. "Mungu wangu! Mtu mzima!"

"'Alitushauri turudi shule,'" wifi akaendelea huku machozi ya kicheko yakimtoka, "'na akahitimisha kwamba swali kama hilo hata mlevi...'"

 Kidole chake kilisimama palepale.

"Hata mlevi nini?" mume wangu akauliza.

Wifi hakuniangalia mara moja. Alisoma tena kimya, midomo ikitikisika, halafu akainua macho taratibu. Kicheko kilikuwa kimemkauka usoni.

"Hata mlevi asingelielewa," akasema. Akakunja kile kijitabu, akakikalia. "Wamechapa vibaya. Hakisomeki."

"Haya, masikini wa Mungu," mume wangu akasema, akaokota pasi yake. "Mtu kama huyo anarudi nyumbani anawaambia nini watu wake?"

 Nikasema nakwenda kutazama maji jikoni. Hakukuwa na maji yoyote motoni.

Nikasimama pale nimeshika sinki. Ukweli ni kwamba sikuwa nafikiria kugunduliwa. Nilikuwa naiona ile karatasi. Naiona ilivyolala mezani, nyepesi, na mimi nimeweka kiwiko juu yake naandika matusi. Kidole kimoja kingetosha kuigeuza. Miezi sita nimewachukia watu wasionikosea kitu. Nilijidharau.

Wifi akaingia, akafunga mlango.

"Wifi."

"Nini?"

"Ile semina ya mwezi wa sita ilikuwa wapi?"

"Inakuhusu nini?"

"Maana nilikuona. Nilikuwa ukumbi wa nje, na masomo yangu ya chini. Nilikuona unatoka ukumbi mkubwa mapema, umenuna, unatembea kwa madaha. Nikajua umekwenda kusimamia mtihani." Akameza mate. "Nikawaambia wenzangu, yule msimamizi ni wifi yangu. Nilijivuna, wifi."

Ningempiga kofi ningeona nafuu. Badala yake nikamwuliza kwa ukali, "Sasa unataka nini? Sema bei yako."

Akanitazama kama mtu aliyetemewa mate. "Bei? Mimi?"

"Kila mtu ana lake."

"Langu ni kwamba yule ni kaka yangu. Amepoteza cheo kwa ajili yako." Sauti yake ilikuwa chini, kwa sababu ya mpiga pasi wa upande wa pili wa mlango. "Sitamwambia. Si kazi yangu, ni kazi yako, na uifanye kabla ya mtihani. Lakini akiniuliza mwenyewe, kwa mdomo wake, sitamdanganya. Nimeshamdanganya leo, na sirudii."

"Umemaliza?"

"Bado. Umeshika sura ya kumi na mbili vibaya. Wiki zote hizi."

Hebu fikirini. Keshia wa misumari na mabati!

"Unakimbia," akaniambia. "Unasoma mstari mmoja wa swali, unaona unalijua, unaanza kukokotoa. Mimi sina akili yako, wifi. Ndiyo maana nafuata kwa kidole. Nikikaa tu kitini, kabla sijagusa kalamu, nageuza karatasi zote, mpaka ya mwisho kabisa."

"Hayo ni mambo ya watoto."

"Ndiyo. Jumatatu nikitoka kazini tukae."

Nilikataa. Jumapili nikakataa tena. Jumatatu nikakaa.

Zile siku sifurahii kuzisimulia. Jioni, kabla mume wangu hajarudi, wifi ananipa swali, nami nikishika kalamu tu ananipiga kikofi mkononi. "Geuza." Nageuza. "Ya mwisho." Nageuza. "Tarehe iko wapi?" Naonyesha. "Kwa kidole." Mhasibu Mkuu, mwenye kibao mlangoni, nafuata mstari kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza.

Siku ya tano hesabu za kundi zima zikalingana. Pande zote mbili, tarakimu kwa tarakimu, mara ya kwanza katika miaka saba. Wifi akapiga makofi. Mimi nilichukia. Nilichukia kwamba ilikuwa rahisi, na nilichukia zaidi kwamba aliyenionyesha ananukia simenti.

"Umeshamwambia kaka?" akauliza.

"Kesho."

Kesho ikaja na mambo yake. Mume wangu alikuwa amechoka. Kesho yake alikuwa amefurahi mno, na mtu aliyefurahi huwezi kumwangushia zigo kama hilo. Kesho yake tena nilifungua mdomo kabisa, naye akaniwahi: "Unajua, nikikuona unamfundisha mdogo wangu, ile habari ya cheo hainiumi tena." Nikafunga mdomo. Ningesema nini, ninyi mnaojua kila kitu?

Siku ya mtihani nilikuwa na mpango wangu. Niage naenda kazini alfajiri, nizunguke, niingie ukumbini kwa mlango wa nyuma. Kitambulisho cha mtihani nilikificha ndani ya mkoba, chini ya kanga. Nimeshavaa, nimeshika kitasa, nikasikia nyuma yangu:

"Unakwenda wapi? Leo twende wote!"

Mume wangu amevaa shati lake la harusi. Wifi yuko nyuma yake, uso umesawijika.

"Nimeomba ruhusa kazini," akasema. "Tunampeleka mwanafunzi wako. Na wewe nimekuombea, nimempigia bosi wako jana. Amefurahi sana! Amesema mhasibu wake akae huko huko mpaka mwanafunzi atoke."

"Mimi nina kazi nyingi," nikasema.

"Zitakusubiri. Mwalimu gani anamwacha mwanafunzi siku ya vita?"

Wifi akaniangalia. Macho yake yalikuwa yanasema sema sasa, hapa hapa mlangoni. Nilimwelewa vizuri sana. Nikasema, "Haya, twendeni, tusichelewe."

Njia nzima mume wangu alikuwa anapiga hadithi. Mimi nilikuwa napiga mahesabu. Atatuacha getini. Nitasema namsindikiza wifi mpaka ndani. Atasubiri kivulini kwa saa tatu, nami nitatoka na wifi kana kwamba nilikuwa kwenye benchi la wageni. Nikaona inawezekana. Nikaanza hata kumdharau kwa kudanganyika kirahisi, nawaambia kweli, kwa sababu nimeamua kuwaungamia yote. Mtu amevaa shati la harusi kwa ajili yetu, na mimi nilikuwa namdharau.

Getini askari akatupungia mkono tupite wote. "Wazazi na ndugu mwisho ubaoni," akasema.

Ubaoni. Nilikuwa nimesahau ubao.

Ni ubao mrefu ukutani, karibu na mlango wa ukumbi, wanapobandika majina ya watahiniwa wote wa siku hiyo, kila mtu na kiti chake. Umati ulikuwa umeusonga, watu wananyoosha shingo. Mume wangu ni mrefu. Akapenya kama anakwenda kumpokea mgeni wa heshima.

"Nikutafutie kiti chako, mdogo wangu!"

"Kaka, acha, nakijua!"

"Unakijua wapi, yamebandikwa leo."

Akainua kidole. Nilikuwa sijawahi kujua kwamba na yeye husoma kwa kidole. Akakiweka juu kabisa ya karatasi ya kwanza, ili aanze mwanzo asiruke mtu. Na mwanzo, mnakumbuka, ni kwa wenye namba za zamani. Namba yangu ni ya zamani kuliko zote zilizobaki. Mimi ndiye mstari wa kwanza, majina matatu, likiwemo la baba yangu aliyenikabidhi kwake.

Nikataka kumwita. Badala yake nikaukumbatia mkoba.

Aliyesogea ni wifi. Alipita chini ya kwapa la mtu mmoja, akaruka, akabandika kiganja chake chote juu ya mstari wa kwanza.

"Langu liko chini, kaka," akasema, akihema. "Wapya tuko chini. Anzia chini."

Mume wangu akacheka. "Hebu toa mkono."

"Anzia chini."

"We mtoto, una nini?" Bado alikuwa anacheka, ila kicheko kilianza kupungua. Akautazama ule mkono. Akamtazama dada yake usoni. Kisha akageuka akanitafuta mimi kwenye umati, akaniona nilivyoukumbatia mkoba kifuani kwa mikono miwili.

Kengele ya kuingia ukumbini ikalia. Watu wakaanza kutusukuma kuelekea mlangoni. Yeye hakusogea.

Hakuniuliza mimi. Alimgeukia dada yake, akainama mpaka nyuso zao zikawa sawa, akamwuliza taratibu, kwa mdomo wake mwenyewe:

"Hapo chini ya mkono wako kuna jina la nani?"